Motere Isiyo na Plake

Ukurasa huu wa mafundi umezoea kuongea juu ya vitu vidogo vya nyumbani: pompi ya baiskeli, mashini ya kushona, taa ya sola inayokataa kuwaka. Mwezi huu tunaongea juu ya chuma kikubwa. Usifunge gazeti, hata kama wewe ni mama ambaye hujashika funguo maisha yako yote. Utaona kwamba habari hii inakugusa, kwa sababu inahusu mali ya nyumba na uhai wa watu.

Mwaka 2024 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda sana. Nyinyi wa Uvira hamna haja ya kuambiwa. Kule Kalundu nyumba nyingi ziliingiwa na maji, na watu walihamisha vitu vyao kichwani, wakitembea ndani ya maji mpaka magotini. Katika jamaa moja ninayoijua, nyanya mmoja mjane alikuwa na kibanda nyuma ya nyumba. Ndani ya kibanda kulikuwa na motere nzito ya marehemu mume wake, mtu aliyefanya kazi ya boti tangu ujana wake. Kwa miaka mingi kuku walikuwa wanalala juu yake. Maji yalipofika mlangoni, wajukuu wakafunga kamba, wakaita majirani, wakaivuta mpaka mahali pakavu.

Kiisha wakaja kwangu, vijana wawili. Mkubwa akasema, "Mzee, tuko na motere kwetu. Haina na plake. Mutu wa mitraye anataka kuinunua kwa kilo. Mwingine anasema tuifunge katika boti ya kubeba watu mpaka Baraka. Wa tatu anasema inafaa mashini ya unga. Sasa sisi tufuate nani?"

Nikawauliza, "Ni motere ya namna gani?"

Wakatazamana. Mdogo akajibu, "Iko ya zamani tu."

Msomaji wangu, "ya zamani" siyo jina la motere. Mzee naye ni wa zamani, lakini ana jina, ana ukoo, ana kazi aliyoijua. Kama hujui jina la kitu, bei yake utapewa na yule anayetaka kukinunua. Kwa hiyo leo nataka tujifunze namna ya kuitambua motere ambayo imepoteza plake yake.

Plake inaweza kudanganya

Wengi wanafikiri kwamba plake ikiwepo, kazi imekwisha. Hapana. Plake ni kipande cha bati chenye misumari miwili. Inaweza kutolewa motere moja na kugongwa juu ya nyingine. Rangi nayo ni nguo tu. Chukueni mfano wa motere ya Lister ya Uingereza, ile yenye magurudumu mazito mawili, moja kila upande. Ilianza kutengenezwa mwaka 1929, na imesaga unga katika vijiji vingi vya Afrika. Wahindi wa mji wa Rajkot waliiga umbo lake, wakatengeneza zilizofanana nayo sana. Ukiangalia kwa macho tu unaweza kununua nakala kwa bei ya ile ya kwanza.

Chuma chenyewe ni kigumu kudanganya. Pima upana wa silinda ya Lister ile ya farasi 6: utapata milimita 114 na kidogo. Pistoni inapanda na kushuka karibu milimita 140. Inazunguka mara 650 kwa dakika, polepole, ndiyo maana unaisikia ikipiga hatua kama mtu anayetwanga. Hata nakala nzuri zinafuata vipimo hivyo, basi utajua ni piesi gani zitaingia. Mita ya fundi cherehani na kipande cha chaki vitakusaidia kuliko plake.

Lakini mbele ya kupima, uliza maswali mawili: Moto uko wapi? Na nguvu inapita njia gani mpaka kwenye kazi? Mimi ninaita hii kufuata njia kutoka motoni mpaka majini. Ukiifuata bila kuruka hatua, motere itakuambia yenyewe jina la ukoo wake.

Swali la kwanza: moto uko wapi?

Ziwa letu ni shule nzuri kwa swali hili, kwa sababu limebeba karibu kila namna ya motere.

Kwanza kuna motere ambayo moto wake uko nje. Hiyo ni motere ya mvuke. Kuni au makaa yanachemsha maji ndani ya chungu kikubwa cha chuma, mvuke unapita katika bomba, unasukuma pistoni. Meli ambayo wazee wetu waliiita Liemba ilizaliwa hivyo. Wajerumani waliijenga mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer, mji wa Papenburg, wakaipa jina Graf von Goetzen. Kiisha waliifungua vipande vipande, wakaipakia katika masanduku 5,000 hivi, ikaja kwa bahari mpaka Dar es Salaam, na kwa gari-moshi zaidi ya kilometa 1,200 mpaka Kigoma. Huko ikaunganishwa tena, ikaingia majini Februari 1915.

Ukiiona motere ya mvuke ya meli za namna ile, angalia silinda zake. Ziko tatu, na hazilingani: ya kwanza ndogo, ya pili ya kati, ya tatu kubwa sana. Usidhani ni fundi mlevi aliyezichanganya. Mvuke unafanya kazi mara tatu. Unaingia katika silinda ndogo ukiwa na nguvu nyingi. Ukitoka umepungua nguvu, basi unahitaji nafasi kubwa zaidi. Na mara ya tatu nafasi kubwa kabisa. Silinda tatu zinazokua kama watoto wa mama mmoja ni alama ya mvuke.

Pili kuna motere ya esansi, ambayo moto wake uko ndani na unawashwa na cheche. Utaitambua kwa buji juu ya kichwa, waya nene zinazotoka kwenye buji, na karabureta inayochanganya esansi na hewa. Kama waya zimeibwa, matundu ya buji yatabaki.

Nyinyi wasomaji wetu wa Fungurume na Bukama, habari hii ni yenu pia. Mwaka 1915 Waingereza walileta ziwani boti mbili ndogo za esansi, zenye urefu wa mita 12 hivi. Kila moja ilikuwa na motere mbili za farasi 100. Mkubwa wao, Spicer-Simson, aliziita Mimi na Toutou, majina ambayo watoto wa Kifaransa wanawaita paka na mbwa. Msikilizaji Mswahili hakosi kucheka: boti inayojiita "Mimi"! Zilitoka Cape Town kwa gari-moshi mpaka Fungurume, mahali reli ilipoishia. Kutoka hapo zilivutwa porini na katika milima ya Mitumba kwa zaidi ya kilometa 200, na nani alizivuta? Tingatinga mbili za mvuke, pamoja na ng'ombe na watu wengi sana. Maji yalipokosekana, wanawake wa vijiji waliyabeba kichwani ili vyungu vya zile tingatinga visikauke. Fikiria: boti za esansi, zinavutwa na mvuke, na mvuke unategemea shingo za mama zetu. Kutoka Bukama zikafuata mto Lualaba mpaka Kabalo, kiisha reli mpaka karibu na pale tunapopaita leo Kalemie.

Tarehe 26 Desemba 1915 boti hizo ziliikamata meli ndogo ya Wajerumani, Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 Mimi ilisaidia kuizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann. Meli za Wajerumani zilienda kwa mvuke wa kuni, tena polepole. Boti za esansi zilikuwa nyepesi na za mbio. Tofauti ya motere iliamua nani anamkimbilia nani.

Tatu kuna motere ya mazutu, yaani dizeli. Moto wake uko ndani, lakini hauna buji. Hewa inabanwa mpaka inakuwa moto sana, mazutu yananyunyizwa, yanawaka yenyewe. Utaitambua kwa pompi ndogo ya chuma kizito yenye vibomba vyembamba vigumu, kimoja kwa kila silinda. Liemba yenyewe ilibadilishwa namna hiyo: katika miaka ya 1970 mvuke uliondolewa, ikawekewa motere mbili za mazutu. Wengi wenu mliisikia sauti yake mkiwa juu yake. Vita vilipofika Uvira Oktoba 1996, watu wengi walivuka ziwa kukimbilia Tanzania. Na mwaka 1997 meli ile ilisaidia kurudisha zaidi ya watu 75,000 nchini kwao. Kwa wale watu, motere iliyokubali kuwaka asubuhi haikuwa habari ya mafundi peke yao.

Nne kuna motere ambayo vijana hawaijui kabisa. Ninaiita motere ya kichwa-moto. Haina buji, na haina nguvu ya kubana hewa kama dizeli. Juu ya silinda kuna tufe la chuma kama chungu kidogo kilichofunikwa. Mbele ya kuwasha, fundi analichoma tufe hilo kwa taa ya moto, dakika kumi, kumi na tano, mpaka liwe moto kabisa. Kiisha anasukuma gurudumu zito kwa mkono. Mafuta yanapiga ndani ya tufe, yanawaka, na motere inajiendesha. Tangu hapo moto wake wenyewe unalitunza joto. Wavuvi wa Ulaya ya Kaskazini walizitumia sana mbele ya 1960, hasa zile za Bolinder za Uswidi, kwa sababu zilikuwa na piesi chache na zilikula mafuta mabaya bila kulalamika.

Swali la pili: nguvu inapita njia gani?

Hapa ndipo wengi wanakosea. Wanaitazama motere, wanasahau njia inayopeleka nguvu. Lakini motere bila njia yake ni panga bila mpini.

Njia ya kwanza ni ya moja kwa moja. Motere imefungwa na shafti, shafti imefungwa na elisi, basi. Meli za mvuke zilikuwa hivyo, hazina bwate ya vitesi. Utauliza, "Sasa zinarudi nyuma namna gani?" Fundi anavuta mkono mmoja, mkono ule unabadilisha saa ya mvuke kuingia katika silinda, na motere nzima inazunguka kinyume. Ukikuta motere ya mvuke bila bwate, usiseme bwate imeibwa. Haikuwepo tangu mwanzo. Hata motere nyingine za kichwa-moto ziliweza kugeuzwa zizunguke kinyume, fundi akijua ujanja wake.

Njia ya pili ni mkanda. Hii ni ya mashini za unga, na huko kwenye machimbo ni ya mashini za kusaga mawe. Hapa hesabu ni ya darasa la tano. Kama pule ya motere ina upana wa sentimeta 40 na pule ya mashini ina 10, mashini itazunguka mara nne kila motere inapozunguka mara moja. Motere ikienda 650, mashini itaenda 2,600. Ukibadilisha pule bila kuhesabu, unaweza kupasua jiwe la mashini na kuumiza mama aliyeleta mahindi yake.

Njia ya tatu ni bwate ya boti. Ni fupi, nzito, ina mbele, katikati na nyuma, basi. Kazi yake ni mbili. Inapunguza mwendo, kwa maana elisi kubwa inapenda kuzunguka polepole. Na inapokea msukumo. Elisi inaposukuma maji nyuma, inasukuma shafti mbele, saa zote, kwa nguvu ya boti nzima na mzigo wake. Ndani ya bwate ya boti kuna bilia ya kupokea msukumo huo.

Njia ya nne ni ile inayonitia hofu: motere ya lori iliyofungwa katika boti pamoja na bwate yake ya lori, vitesi vinne au vitano. Kwa macho inapendeza. Inawaka, inapiga kelele, boti inaondoka. Lakini bwate ya lori ilitengenezwa kuzungusha magurudumu, siyo kupokea msukumo wa elisi. Kama fundi hakuweka bilia nyingine kwenye shafti ya kubeba msukumo ule, bwate inaumia ndani bila kuonekana. Haitavunjika siku ya majaribio hapa Kalundu, mbele ya watu wanaopiga makofi. Itavunjika usiku, boti imejaa watu na magunia, upepo umeanza. Kwa hiyo wewe unayepanda boti, muulize mwenye boti: "Msukumo unapokelewa na nini?" Kama hajui unauliza nini, na motere ni ya lori, ngojea boti nyingine. Heri kulala Uvira usiku mmoja zaidi.

Kujua mwendo wa bwate yoyote ni rahisi. Zima motere, legeza injekteri au toa buji ili isibane hewa. Piga alama ya chaki kwenye gurudumu zito na nyingine kwenye shafti. Mtu mmoja azungushe gurudumu kwa mkono, mwingine ahesabu. Kama gurudumu limezunguka mara mbili na shafti mara moja, bwate inapunguza kwa nusu. Andika. Hiyo ni plake mpya, tena isiyodanganya.

Tulivyoikuta motere ya nyanya

Nilienda na vijana wale mpaka kwao. Nyanya alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na motere, kama mtu anayelinda mgonjwa. Nikamsalimu, akanijibu, "Karibu, baba. Iangalie. Lakini usiniambie uongo juu mimi ni mzee."

Tukaanza na moto. Silinda moja. Hakuna tundu la buji. Pompi ya mafuta ipo, ndogo, yenye kibomba kimoja. Hakuna supapa juu. Gurudumu zito, nusu ya uzito wa motere yote. Na juu ya kichwa, chini ya mavi ya kuku na kutu, tufe. Nikaligusa kwa funguo, likalia kama kengele ndogo. Nikamwambia nyanya, "Mama, mume wako alikuwa anaichoma hapa mbele ya kuiwasha." Akacheka kwa mara ya kwanza. "Ndiyo! Kila asubuhi, na ile taa yake. Mimi nilisema atachoma nyumba."

Basi, moto tuliujua. Kichwa-moto.

Tukafuata njia. Nyuma ya motere hakukuwa na bwate ya vitesi. Kulikuwa na klachi tu, na nyuma yake kipande kifupi cha shafti, kimekatwa na msumeno. Katikati ya shafti kulikuwa na tundu, na ndani ya tundu kipande cha chuma chembamba, nacho kimekatwa. Kando kulikuwa na gurudumu dogo la mkono lenye nati ndefu, lisilozungusha kitu chochote.

Nikauliza, "Shafti yenyewe iko wapi? Na elisi?"

Kijana mkubwa akainama. Akasema, "Tuliuza, Mzee. Wiki ya kwanza ya maji. Tulikuwa tunatafuta franga za kulipa nyumba ya kuhamia. Mutu wa mitraye alisema ile chuma ya njano njo iko na bei."

"Elisi ilikuwa namna gani?"

"Ilikuwa imevunjika. Majani yake ilikuwa inageuka-geuka kwa mukono."

Msomaji, nilinyamaza kidogo. Elisi ile haikuwa imevunjika. Majani yake yalitengenezwa ili yageuke. Hiyo ndiyo njia ya tano, ambayo sikuitaja juu kwa sababu nilitaka mkutane nayo kama nilivyokutana nayo mimi. Shafti ina tundu katikati, kama muwa uliotobolewa. Ndani yake kinapita chuma chembamba. Ukizungusha gurudumu la mkono, chuma kile kinasogea, na majani ya elisi yanalala au yanasimama. Yakilala kabisa, boti inakaa mahali pamoja, ingawa motere inazunguka. Yakigeukia upande huu, boti inaenda mbele. Upande ule, inarudi nyuma. Motere haibadilishi upande wala mwendo hata kidogo. Ndiyo maana hakuna bwate. Elisi yenyewe ndiyo ilikuwa bwate.

Katika Ulaya ya Kaskazini wavuvi walipenda sana mpango huo, kichwa-moto pamoja na elisi ya majani yanayogeuka, kwa sababu mvuvi anataka kwenda polepole sana wakati wa kuvuta nyavu. Huku kwetu mimi nimeishi na mafuta mikononi tangu ujana, na ulikuwa wa kwanza kuukuta. Na alama ile ile iliyouonyesha, majani yanayogeuka, ndiyo alama iliyowafanya vijana waseme "imevunjika" na kuikata kwa kilo.

Sikuwakasirikia. Maji yalikuwa mlangoni, na nyanya alihitaji mahali pa kulala. Nani kati yetu angefanya tofauti? Lakini niliwaambia ukweli. Motere imebaki, njia yake imeenda. Kwa boti ya kubeba watu haifai, hata mkiipatia shafti nyingine, kwa sababu hakuna piesi, na vijana wa leo hawajui kuichoma kichwa. Ikipiga kinyume wakati wa kuwasha inaweza kuvunja mkono. Kwa unga ingeweza kufanya kazi kwa mkanda, lakini nani atangoja dakika kumi na tano kila asubuhi huku wamama wamepanga mabeseni? Na kwa mitraye, itauzwa mara moja tu, kiisha hakuna mtu atakayejua kwamba ilikuwa hapa.

Nyanya alisikiliza yote. Kiisha akasema, "Ile ya njano ilitupatia nyumba. Hii nyeusi iache."

Mambo ya kufanya kwenu

Labda hata wewe una chuma cha namna hii nyuma ya nyumba, au kwenye machimbo ya zamani, au katika kiwanda kilichofungwa. Mbele ya kukata kitu chochote, fanya hivi.

Usitenganishe motere na njia yake. Shafti, pule, bwate, elisi, mikono, hata bati lisiloeleweka, viweke pamoja. Kipande usichokielewa ndicho chenye habari nyingi zaidi.

Safisha kwa mafuta ya taa na burashi, usigonge kwa nyundo. Tafuta herufi na namba zilizoyeyushwa ndani ya chuma chenyewe, hasa kwenye kichwa na kwenye gurudumu zito. Hizo si rahisi kuzihamisha kama plake. Ziandike katika daftari, pamoja na upana wa silinda na upana wa gurudumu. Kama mtu ana simu yenye kamera, apige picha pande zote nne.

Uliza wazee kabla hawajaondoka. Nyanya wetu hakujua neno moja la ufundi, lakini alijua ile taa ya asubuhi. Neno lake lilithibitisha kile ambacho tufe lilikuwa limetuambia.

Na mwisho, ipake grisi. Hili nimelijifunza kwa Liemba. Mnamo Julai 1916, Wajerumani walipoona wanashindwa, waliamua kuizamisha meli yao wenyewe karibu na Kigoma. Lakini mafundi wao, mbele ya kuizamisha, walizipaka motere grisi nene kila mahali. Vita vikaisha. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena. Mwaka 1924 Waingereza waliitoa majini, na wakazikuta motere zile bado zinaweza kufanya kazi. Mwezi Mei 1927 meli ikarudi safarini kwa jina la Liemba, kwa motere zile zile za mvuke. Watu waliozipaka grisi hawakujua nani atazitumia. Walijua tu kwamba ni kazi nzuri, na kazi nzuri haiachiwi kutu.

Motere ya nyanya sasa imesimama juu ya mawe, mbali na maji. Vijana wamemimina oili ndani ya silinda, wanaizungusha kwa mkono kila mwisho wa juma ili isishikane. Kijana mdogo amechora katika daftari lake picha ya elisi kama anavyoikumbuka, majani matatu, na mshale unaoonyesha yalivyokuwa yanageuka. Mchoro si mzuri sana. Nilimwambia aandike tarehe chini yake.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaongea juu ya pompi za maji katika mashimo ya machimbo, na kwa nini moshi wake unaua mtu aliye chini hata kama hausikii harufu. Baba na mama mlio na vijana kwenye machimbo, msikose.